Oili ya Injini za Pistoni katika Ndege Ndogo: Kuisoma, Kuichagua na Kuinunua

Neno mafuta lina kazi mbili katika viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki, kwani huitwa mafuta ile petroli inayochomwa ndani ya silinda, na huitwa mafuta pia kile kilainishi kinachozunguka ndani ya injini. Kwa sababu hiyo kijitabu hiki kinatumia neno oili, kama wasemavyo mafundi wenyewe, kwa kilainishi peke yake. Ndege zinazozungumziwa ni za injini za pistoni, kama vile Cessna 172, Cessna 206 na Piper PA-28, ambazo nyingi huendeshwa na injini za Lycoming au Continental zinazopozwa kwa hewa. Ndege za injini za turbini, kama Cessna Caravan ambayo abiria wengi wa Zanzibar na wa mbugani wanaifahamu, hutumia oili ya sintetiki ya namna nyingine kabisa, na pale ambapo aina zote mbili zimewekwa katika stoo moja hazina budi kutengwa kwa rafu na kwa alama inayosomeka kwa mbali.

Injini inayopozwa kwa hewa hupata joto jingi na lisilo sawa katika sehemu zake, hivyo mtengenezaji huacha nafasi pana kidogo kati ya pistoni na silinda ili chuma kipate pa kutanukia. Kupitia nafasi hiyo oili kidogo hupanda kwenye chumba cha mwako ikaungua, na gesi za mwako nazo hushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la chini linalohifadhi oili. Oili ya gari ina visafishaji vyenye metali, hasa kalisi, ambavyo vikiungua huacha majivu. Majivu hayo hujikusanya juu ya pistoni na kwenye plagi, yakawaka kama kaa na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya wakati wake, na mwako wa namna hiyo unaweza kuitoboa pistoni. Ndiyo sababu oili ya ndege hutiwa kitawanyisho kisichoacha majivu, yaani kemikali isiyo na metali inayozizuia chembe za uchafu zisishikamane, zikabaki zinaelea hadi zikamatwe na filta au zimwagwe pamoja na oili chakavu. Kwa hiyo oili ya gari, hata iwe ya bei gani na sifa gani barabarani, haimo kabisa katika orodha ya kuchagulia.

Jambo la pili linaloitofautisha injini hii ni risasi. Petroli ya ndege ya 100LL huweza kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita, na sehemu ya risasi hiyo huishia ndani ya oili. Oili ya sintetiki kamili haikuweza kuibeba risasi hiyo ipasavyo, ikawa tope ndani ya injini, na bidhaa ya aina hiyo iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya ndege za pistoni iliondolewa sokoni katika miaka ya 1990. Mnunuzi aliyezoea kuona neno sintetiki likipandisha hadhi ya oili ya gari hana budi kuliacha zoea hilo nje ya geti la uwanja.

Kopo la oili ya ndege husomwa kwa mambo mawili: kiwango na mnato. Kiwango SAE J1966 ni cha oili ya madini tupu, isiyo na kitawanyisho, na SAE J1899 ni cha oili yenye kitawanyisho kisichoacha majivu. Mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka, huandikwa kwa namba za ndege ambazo ni takribani maradufu ya namba za SAE zinazojulikana kwenye magari: 65 ni sawa na SAE 30, 80 ni SAE 40, 100 ni SAE 50, na 120 ni SAE 60. Mkanganyiko mkubwa zaidi unatokana na herufi moja. Katika oili ya gari, W ya 15W-40 inahusu majira ya baridi. Katika jina la AeroShell W100, W inaonyesha kwamba oili hiyo ina kitawanyisho, na AeroShell 100 isiyo na herufi hiyo ni oili ya madini tupu. Kisha AeroShell 15W-50 inarudi kuitumia W kwa maana ile ya kwanza, jambo ambalo haliwezi kusifiwa kwa uwazi.

Oili ya madini tupu ina kazi yake maalumu. Injini mpya, au iliyotoka kwenye ukarabati mkubwa, kwa kawaida huanza nayo hadi ifikishe saa 50 au hadi ulaji wake wa oili utulie, kwa sababu ringi za pistoni zinahitaji kusuguana na silinda kiasi fulani ili zikae mahali pake. Injini za Lycoming zenye turbochaja zimeondolewa katika kanuni hiyo na hutumia oili ya kitawanyisho tangu saa ya kwanza.

Baada ya hapo hali ya hewa ndiyo inayoamua mnato. Lycoming inaelekeza SAE 40 ya kitawanyisho kwa joto la nje la kati ya nyuzi -1 na 32 za Selsiasi, SAE 40 au 50 joto linapozidi nyuzi 16, na oili za minato mingi za 15W-50 au 20W-50 kwa joto lolote. Ndege inayolala Dar es Salaam au Mombasa inaweza kubaki na W100 mwaka mzima. Ile inayowashwa alfajiri ya Julai katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio juu ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, hufaidika zaidi na W80 au oili ya minato mingi, ambayo huwahi kufika kwenye sehemu za juu za injini ingali ya baridi.

Baadhi ya injini zina sharti la ziada. Lycoming O-320-H2AD, iliyofungwa kwenye Cessna 172 za mwishoni mwa miaka ya 1970, hulazimika kutiwa kiongezi LW-16702 cha kupunguza ulikaji wa kamshafti. Kiongezi hicho tayari kimo ndani ya AeroShell W100 Plus na 15W-50, lakini hakimo ndani ya W100 ya kawaida. Injini za Rotax 912 za ndege nyepesi nazo zinapindua karibu kila kilichoelezwa hapo juu, kwani oili yake hulainisha pia giaboksi, na mtengenezaji hutaka oili inayofanana na ya pikipiki. Mwongozo wa injini husika ndio wenye neno la mwisho.

Hata hivyo, injini nyingi huharibiwa na kusimama kuliko kuchagua chapa isiyofaa. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takribani lita moja ya maji katika umbo la mvuke, na sehemu ya mvuke huo huingia kwenye sampu; oili ikifika karibu nyuzi 82 katika safari ya kutosha, unyevu hutoka, lakini ndege inayowashwa chini kwa dakika kumi kisha ikazimwa huongezewa maji pasipo kukaushwa. Kamshafti ya Lycoming iko juu ya injini, mahali ambapo oili hushuka na kuacha chuma wazi, na katika ukanda wa pwani wenye hewa ya chumvi kutu haikawii. Kwa sababu hiyo mtengenezaji huyo anataka oili ibadilishwe kila saa 50 palipo na filta kamili, kila saa 25 palipo na chujio la wavu pekee, au kila miezi 4, lolote litakalotangulia. Mmiliki anayeruka saa 20 kwa mwaka, basi, ananunua oili kwa kalenda.

Katika kukadiria kiasi cha kununua, vipimo viwili hugongana. Kijiti cha kupimia oili kina alama za kwarti ya Marekani, ambayo ni lita 0.946, ilhali makopo mengine huuzwa kwa lita moja, na anayemimina lita 8 pahali pa kwarti 8 amezidisha karibu nusu lita. Injini yenye sampu ya kwarti 8 inayokula kwarti moja kila saa 10 itahitaji takribani kwarti 13 katika mzunguko wa saa 50, kwa hiyo katoni ya makopo 12 haitoshi. Kwa injini ya nguvu-farasi 160, ulaji unaokaribia nusu kwarti kwa saa ndio ukomo wa Lycoming, na injini iliyofika hapo inamhitaji fundi.

Muuzaji anayefaa ni yule anayeweza kuonyesha hati ya ulinganifu inayoitaja namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo lenyewe. Kopo lililofunguliwa, au oili iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji, haikubaliki hata ikitoka kwa rafiki. Anayenunua kwa pipa alihifadhi chini ya paa. Likilazimika kukaa nje, lilazwe ubavu huku vizibo vyake viwili vikiwa katika mstari mmoja wa mlalo, chini ya usawa wa oili iliyomo, kwa sababu pipa lililosimama hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko, hutanuka mchana na kunywea usiku, na kila linaponywea huyavuta maji hayo ndani kupitia nyuzi za kizibo.