SOMO: MAMA NA MAKINDA

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Katika sheria ya Waisraeli imo amri ndogo ambayo wengi wetu huipita upesi. Mtu akikuta kiota njiani, naye mama amelalia makinda, aweza kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Chakula kimeruhusiwa, kukata mzizi wa chakula kumekatazwa.

Hebu tuitazame amri hiyo tukiwa tumesimama ufukoni hapa Kunduchi, tumeelekea kisiwa cha Mbudya. Chini ya maji yale iko miamba ya matumbawe. Wengi twadhani ni mawe tu. Sivyo. Imejengwa na wanyama wadogo sana, kila mmoja akijitengenezea nyumba ya chokaa, hata kizazi baada ya kizazi nyumba hizo zikawa mwamba. Humo changu, chewa na pweza hujificha, na samaki wengi hukulia. Tena mwamba huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani. Basi huyo ndiye mama.

Tangu miaka ya 1960 wamekuwako watu wanaovua kwa baruti katika pwani yetu. Mshindo mmoja huua wakubwa kwa wadogo, na wengi huzama wakaoza bila kuokotwa. Mwamba hugeuka kifusi kinachobingirishwa na mawimbi, na tumbawe changa halipati pa kushika. Hapo mama amechukuliwa pamoja na makinda.

Mwaka 1975 Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo ya hifadhi ya bahari. Hata hivyo, baruti iliendelea kusikika kwa miaka mingi, mpaka ilipopungua sana baada ya msako mkali uliofanywa tangu katikati ya miaka ya 2010. Nayo hifadhi haizuii joto: mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka, mengine yakafa. Mwamba uliopauka waweza kupona polepole. Uliosagwa hupona kwa shida sana.

Tusiwanyoshee vidole wavuvi peke yao. Mvuvi wa baruti hakuvua ili ale peke yake. Alikuwa na wanunuzi, nasi tulikuwamo. Samaki laini kupita kawaida, mifupa imevunjika, damu imevia ndani, tulimwona. Tukatazama bei, tukanyamaza. Bandu bandu huisha gogo.

Basi tufanye haya: samaki wa namna hiyo tusimnunue, nanga tuitupe penye mchanga, maji yakipwa tusikanyage matumbawe hai, nyavu za matundu madogo tuziache.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Wazee wetu walivua wapi, na samaki gani leo hawaonekani?
2. Bei rahisi ya leo italipwa na nani kesho?
3. Tukimwona samaki wa baruti sokoni, tutasema nini?