Je, namba hii ni tasa?

*Mwalimu, nimeigawa 4,294,967,297 kwa 2, 3, 5, 7 na kuendelea hadi nimechoka. Kila mara kuna baki. Niandike kuwa ni tasa?*
*– Mwanafunzi wa kidato cha pili*

Usiandike bado, mwanangu. Hata mwanahisabati Fermat aliamini hivyo, lakini mwanahisabati Euler aliipasua mwaka 1732: ni 641 × 6,700,417. Kuchoka kwako kuna sababu, maana ungelazimika kujaribu namba tasa hadi 65,536, karibu na kipeuo chake cha pili. Ila namba yako ni 2 yenye kipeo 32, kujumlisha 1, na kila namba tasa inayoigawa, ukiigawa namba tasa hiyo kwa 64, hubaki 1. Basi jaribu 193, 257, 449, 577. Ya tano ni 641. Pasipo njia ya mkato kama hiyo, mwone mwalimu wako mtumie kompyuta.