Kuongeza Diski Kwenye Seva: Mambo 6 ya Kuhakikisha Kabla Rekodi Zako Hazijaguswa

Kila ukilipwa kwa simu, rekodi inabaki: nani amelipa, pesa ngapi, saa ngapi, na nambari ya muamala. Kwa mwenye kibanda, SMS zinaweza kutosha. Lakini kwa duka la jumla, shule au SACCO inayopokea mamia ya malipo kwa siku, rekodi hizo huingizwa kwenye seva ya ofisi, pamoja na stoki, risiti na hata picha za CCTV.

Siku moja seva inajaa. Fundi anasema, "Tuongeze diski." Ni kazi ya kawaida kabisa, ila ikifanywa ovyo inaweza kuondoka na rekodi za miaka. Hata kama si wewe utakayeshika bisibisi, somo hili litakupa maswali ya kumuuliza fundi kabla hajaanza.

Diski nyingi, hifadhi moja

Seva nyingi hazitegemei diski moja. Diski tatu, nne au zaidi huunganishwa zikafanya kazi kama diski moja kubwa. Mpango huu unaitwa RAID. Jina hilo lilitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, katika makala yao ya 1988.

Inafanya kazi aje? Chukua mfano wa pesa. Una diski tatu. Ya kwanza imeandikwa 300, ya pili 500, na ya tatu imeandikwa jumla yake, yaani 800. Diski ya pili ikiharibika, unachukua 800, unatoa 300, unapata 500. Hakuna kilichopotea. Kompyuta ina hesabu yake tofauti kidogo, na jumla hizo husambazwa kwenye diski zote, lakini wazo ni hilo hilo.

Aina hii ni RAID 5. Nafasi ya diski moja inaliwa na hizo jumla, kwa hivyo diski tatu za TB 4 zinakupa TB 8, sio 12. Ukiongeza ya nne unapata TB 12. RAID 6 inavumilia diski mbili kufa, lakini inakula nafasi ya diski mbili.

Kwa nini kupanua kuna hatari?

Rudi kwenye mfano wetu. Ukiongeza diski yenye 200, jumla ya 800 haifai tena; sasa ni 1,000. Seva inalazimika kupanga upya kila kitu: inasoma data yote, inaigawanya kwa diski nne, na kuandika jumla mpya.

Hiyo si kazi ya dakika tano. Kusoma tu diski ya TB 4 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde huchukua kama saa 11. Hapa seva inasoma na kuandika, huku ikiendelea kuhudumia watu. Usishangae ikimaliza siku nzima au zaidi. Muda huo wote diski za zamani zinafanya kazi ngumu pamoja. Kwenye RAID 5, moja ikifa mtaokoka. Zikifa mbili, data imeenda.

Mambo 6 ya kuhakikisha

1. Bekapu kwanza. Hili ndilo kubwa kuliko yote. RAID inakulinda diski ikifa. Haikulindi na makosa, wizi, moto au virusi. Mtu akifuta rekodi za Januari, zinafutika kwenye diski zote papo hapo. Weka nakala nje ya seva hiyo, kisha ifungue uone kama kweli inafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa usiihesabu.

2. Pima afya ya diski zilizopo. Diski hutunza ripoti yake inayoitwa SMART. Kama kuna inayoonyesha dalili za kuugua, ibadilishwe kwanza na kundi lirudi sawa ndipo mpanue.

3. Nunua diski ya ukubwa unaofaa. Isiwe ndogo kuliko zilizopo. Ukiweka ya TB 6 kati ya diski za TB 4, RAID ya kawaida itatumia TB 4 tu na nyingine zitakaa bure.

4. Hakikisha stima. Seva iwe kwenye UPS inayofanya kazi. Programu nzuri, kama mdadm ya Linux, hukumbuka ilipofikia na huweza kuendelea baada ya kuzimika, lakini usiifanye hiyo ndiyo mpango wako.

5. Kupanua kuna hatua tatu, sio moja. Kwanza diski inaingizwa kwenye kundi, na hapo inakaa kama ya akiba tu. Pili, kundi linaambiwa liwe la diski nne, na kupanga upya kunaanza. Tatu, kupanga kukiisha, mfumo wa mafaili nao unaambiwa utanuke. Wengi husahau hii ya tatu, halafu wanalalamika: "Nimeongeza diski na nafasi iko vile vile!"

6. Kagua mwishoni. Fungua rekodi za zamani na za jana. Linganisha jumla za malipo na taarifa ya akaunti yako. Zikikubaliana, kazi imeisha.

Fundi akikwambia bekapu haina haja kwa sababu "hii ni RAID", msimamishe hapo hapo.

Na wewe mwenye simu tu?

Huduma unazotumia kila siku nazo hukaa kwenye seva, na seva huhitaji matengenezo. Ndiyo maana wakati mwingine unapata tangazo kwamba huduma itasimama kwa saa chache, mara nyingi usiku. Ukipata tangazo kama hilo:

- Fanya malipo ya lazima mapema.
- Ukituma pesa na jibu likachelewa, usirudie haraka. Angalia salio na taarifa kwanza, usije ukalipa mara mbili.
- Mtu akikupigia kusema "tunaongeza hifadhi ya seva, tupe PIN yako tusipoteze akaunti," huyo ni tapeli. Kama ulivyoona hapo juu, kuongeza diski ni kazi ya kuhamisha data ndani ya mashine. Hakuna hatua hata moja inayohitaji PIN ya mteja. Kata simu.
- Pakua taarifa ya akaunti yako kila mwezi na uitunze mahali pengine mbali na simu. Simu ikiibwa au ikianguka majini, SMS zote zinaenda nayo.

Mwenye seva na mwenye simu ya kubonyeza wana kanuni moja: rekodi ya pesa iliyo mahali pamoja tu, bado haijatunzwa. Leo, kabla hujalala, hakikisha yako iko mahali pawili.