Kupanda Mlima kwa Harambee: Usifiche Maumivu ya Kichwa

Imekuwa kawaida siku hizi kwa wafanyakazi wa kampuni, waumini wa kanisa au wanafunzi wa zamani wa shule fulani kuunda kikosi na kupanda Mlima Kenya ili kuchangisha pesa. Kila mpandaji hutafuta wadhamini, nao huahidi kutoa kiasi fulani akifika kileleni. Nia ni njema kabisa. Walakini maneno hayo "akifika kileleni" hunitia wasiwasi, na leo nitaeleza sababu.

Vikosi vingi hulenga Lenana, kilele chenye urefu wa mita 4,985, kwa kuwa mtu hukifikia kwa miguu yake bila ustadi wa kamba unaohitajika Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188). Hewa ya huko ina asilimia 21 ya oksijeni, sawasawa na hewa ya Mombasa. Tofauti ni kwamba hewa yenyewe ni nyepesi, hivi kwamba kila pumzi hukupa oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile anayoipata mtu wa pwani. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo. Mtu huanza kupumua haraka, moyo huongeza mapigo, na figo hurekebisha kiasi cha asidi katika damu. Lakini kazi hiyo huchukua siku kadha.

Hapo ndipo penye taabu. Mtu huondoka Nairobi kwa gari asubuhi, mahali palipo takriban mita 1,700 juu ya bahari, akalala Met Station mita 3,050. Usiku wa pili analala kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200, na kabla ya kupambazuka anaanza safari ya Lenana. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Hebu hesabu mwenyewe: hapa mtu ameruka mita 1,150 kwa siku moja.

Dalili za kwanza za maradhi ya mwinuko ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida, mithili ya mtu aliyelewa jana yake. Mwenye dalili hizi asipande zaidi. Apumzike hapo hapo, na zikizidi ateremke. Akipuuza, mambo mawili yanaweza kumfika, na yote mawili huua. La kwanza ni ubongo kuvimba: mgonjwa huyumba, huchanganyikiwa na hatimaye hupoteza fahamu. La pili ni maji kujaa mapafuni: hutweta hata akiwa ameketi, na hukohoa, wakati mwingine akitoa povu lenye rangi ya damu.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na kikosi cha watu 12 kilichokuwa kikichangia vifaa vya chumba cha kujifungulia katika zahanati moja ya mashambani. Mfadhili mmoja alikuwa ameahidi kuongeza pesa maradufu iwapo sote 12 tungefika Lenana. Jioni tulipofika Mackinder niliwauliza kwa pamoja, "Mko sawa?" Wakajibu kwa sauti moja kwamba wako sawa. Nami mwenyewe nilikuwa naumwa na kichwa, nikanyamaza.

Saa nane usiku tukijiandaa kuondoka, nilimwona kijana mmoja, mwanariadha hodari kuliko sisi sote, akihangaika kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa cha kulia mguu wa kushoto. Nilimwambia atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hatua ya tatu akaanguka. Baadaye tulijua kwamba alikuwa ametapika tangu mchana, akificha ili asituharibie mchango. Nilimpa dawa ya deksamethasoni, nikashuka naye pamoja na kiongozi mmoja na wapagazi wawili, bila kungoja mapambazuko. Tulipofika Met Station alikuwa akizungumza vyema na kuomba chai.

Ahadi ile ya maradufu hatukuipata.

Kosa langu lilikuwa kuuliza kikosi kizima kwa pamoja. Tangu hapo humuuliza kila mtu peke yake, jioni na asubuhi, wapagazi wakiwemo, kwani wao pia huugua na aghalabu hawasemi wasije wakakosa ujira. Jambo jingine: misuli yenye nguvu si kinga. Kijana hodari ndiye hupanda kwa kasi, kwa hivyo huenda akaugua kabla ya mzee anayekokota miguu.

Ipo dawa ya kusaidia mwili kuzoea, yaani asetazolamaidi. Aghalabu mtu mzima hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Huleta mchonyoto vidoleni na kumfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Usiinunue bila kumwona daktari, hasa ikiwa dawa za salfa hukudhuru. Epuka pombe na vidonge vya usingizi mlimani.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande kabisa. Hata anayebeba tu chembe za ugonjwa huo, bila kuugua, huweza kuumia wengu huko juu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni ishara ya kushuka mara moja. Wenye maradhi ya moyo, kisukari au pumu, na akina mama wajawazito, wapimwe kwanza.

Nanyi waandaaji, waombeni wadhamini watoe ahadi kwa kila siku ya kutembea, kilele kisitajwe. Kisha ongezeni usiku mmoja au miwili njiani, hata kama gharama itapanda.

Yule kijana alirudi mwaka uliofuata kupitia Sirimon, kwa siku sita badala ya nne, akafika Lenana. Safari hiyo ni mimi niliyebaki kambini na kichwa changu.