Nati ya ekzosi imeganda

SWALI: Fundi, nati ya ekzosi ya pikipiki yangu ya Boxer imeshika kutu. Niongeze nguvu?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Bolti yake imeingia kwenye silinda hedi ya alumini. Ikikatikia humo utalipia kutoboa na kuchonga nyuzi upya. Sugua kutu kwa brashi ya waya, nyunyiza dawa ya kulegeza, iache ilale. Kesho tumia spana ya boksi yenye pembe 6. Ya pembe 12 hula kona za nati. Legeza kidogo, rudisha, nyunyiza tena. Ikilia, vizuri. Ikizunguka laini huku inanesa, simama: inakaribia kukatika. Hapo mpelekee mwenye gesi apashe nati moto, tangi la petroli likiwa limeshavuliwa. Ukifunga, weka nati mpya za shaba.