Kuwinda fesanti shambani: niulize nini kabla ya kulipa?

SWALI: Ninaishi Minnesota. Wenzangu kazini wamenialika South Dakota kuwinda fesanti kwenye shamba la familia lenye nyumba ya wageni na mwongozaji. Sijawahi kuwinda ndege. Nijihadhari na nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza uliza kama ndege hao ni wa mwituni au wamefugwa kisha wakaachiliwa, maana taratibu zake hutofautiana. Kwa ndege wa mwituni, msimu mkuu hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba na kufungwa Januari 31. Kila mwindaji huruhusiwa majogoo 3 kwa siku. Mitetea haiguswi, kwani ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Jogoo utamjua kwa mkia mrefu na pete nyeupe shingoni. Wewe si mkazi wa jimbo hilo, hivyo nunua leseni ya wageni mapema.

Pili, uliza kuhusu nyasi. Fesanti wa mwituni hawadumu pasipo nyasi ndefu za kutagia na matete ya kujikinga na theluji. Familia inayoacha sehemu ya shamba bila kulima inastahili fedha yako.

Tatu, usalama. Baadhi yenu mtatembea na mbwa mkiwafurusha ndege, wengine watasimama mwisho wa shamba, mbele yenu. Vaa rangi ya chungwa inayong'aa, na usifyatue mpaka uone anga tupu chini ya ndege. Ukisita, mwache aende zake.