Kitenzi 'Ona' na Jina 'Asiyeona': Mfano wa Kariakoo

Katika maandishi rasmi nchini Tanzania, jina 'kipofu' aghalabu huepukwa, na mahali pake huwekwa 'asiyeona'. Chama cha Wasioona Tanzania kimelichukua jina hilo, na ndilo lisikikalo watajwapo wanafunzi wa Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, Wilaya ya Ilala. Sababu itolewayo ni kiambishi ki-, kilichomo pia katika 'kiziwi' na 'kiwete'. Hoja hiyo haitoshelezi. 'Kiongozi' na 'kinyozi' nayo yana ki-, wala hakuna anayejihisi kudunishwa. Tena upatanisho wa kisarufi humtambua kipofu kuwa mtu: 'kipofu amefika', si 'kimefika'.

Tatizo zito zaidi limo katika kitenzi chenyewe. Kuelekeza macho kuna vitenzi vyake, 'tazama' na 'angalia'. 'Ona' hutaja kile kinachomfikia mtu, kwa njia yoyote ile. Mtu huona njaa, huona baridi, huona haya, huona uchungu. Njaa hiyo hiyo husikiwa, na harufu nayo husikiwa. Mipaka ya milango mitano ya fahamu, kama ifundishwavyo darasani, haimshughulishi sana msemaji wa Kiswahili.

Matumizi ya Kariakoo yanathibitisha jambo hili. Mnunuzi wa mchele huchota punje, huzisugua kiganjani, huzinusa, pengine hutafuna moja. Muuzaji humwuliza, "Unauonaje, mzee?" Swali hilo likielekezwa kwa mnunuzi kipofu halina kejeli, kwani linaloombwa ni rai yake. Muuza matunda naye husema "onja uone", ambapo kuona ni kazi ya ulimi. Hali kadhalika, aliyelizoea soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 anaweza kusema bado analiona lilivyokuwa kabla ya moto wa Julai 2021. Hapo mwenye macho na asiye nayo wako sawa: wote wawili wanaona kwa kumbukumbu na taswira.

Kwa mantiki hiyo, 'kipofu' humnyima mtu macho tu. 'Asiyeona', likichukuliwa neno kwa neno, humnyima pia haya, rai na kumbukumbu. Watumiaji hawalikusudii hivyo, na heshima iliyomo katika uteuzi wao haina shaka. Hata hivyo heshima hiyo imejengwa juu ya maana finyu ya 'ona', ile ya chumba cha daktari wa macho, ambako pia 'uoni hafifu' hutumika bila utata. Nje ya chumba hicho, 'asiye na macho' lingekuwa sahihi zaidi, ingawa ni kali masikioni.